Kutoka mdomo wa mto hadi Mweka: mbio mbili, siku mbili na hesabu ya kilomita

Msikiti wetu hapa Pangani una kisima kilichochimbwa na wazee waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, na kwa miaka kadhaa sasa maji yake yameingia chumvi. Mtu akisukutua huionja. Udhu wake unasihi, hilo halina mjadala, kwani hata bahari maji yake ni tohara. Lakini watoto wa madrasa huyanywa maji hayo, na chumvi imekwisha kuzila koki zote za chuma. Sababu yake si siri. Mto Pangani husafiri takriban kilomita 500 kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi kwetu. Njiani maji yake hutolewa kwa ajili ya mashamba, huzuiwa kwa ajili ya umeme, na yanayotufikia hayana tena nguvu ya kuirudisha bahari nyuma. Basi bahari hupanda mtoni, na visima vya kando huharibika.

Kamati ilikadiria gharama za tangi la plastiki la lita 5,000, mnara wake, koki sita na mabomba ya kuvuta maji kutoka bomba kuu la mji. Jumla ilifika shilingi 4,200,000, na Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki tatu. Ndipo kijana mmoja wa jamaa yetu, fundi wa mashine za boti ambaye kila alfajiri hukimbia ufukweni, alipotuletea shauri. Jumamosi moja mwishoni mwa Februari kulikuwa na mbio za hisani za kilomita 21 mjini Tanga, na Jumapili yake zilikuwapo mbio za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, ambazo nazo zina sehemu ya kilomita 21. Watu wanne wakikimbia zote mbili, alisema, watakuwa wamekimbia kilomita 168. Wafadhili wakiahidi shilingi 25,000 kwa kila kilomita, tangi limepatikana. Tulipiga hesabu mara mbili na kuikuta sahihi. Zile mita tisini na saba zinazozidi katika kila mbio tulizitoa sadaka.

Wapo walioguna. Mmoja aliuliza tangu lini watu wa msikiti wakashindana kwa miguu. Mwalimu wa madrasa alimjibu kwa upole kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), akashindwa mara ya kwanza na kushinda mara ya pili, kama ilivyopokewa na Abu Daud, na kwamba Salama bin Al-Akwaa (R.A.) alisifika miongoni mwa masahaba kwa kasi ya miguu yake. Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi. Mbio ndefu za siku ile ya Moshi, zile za kilomita 42, hubeba jina la bia. Tulilijadili jambo hili usiku mzima. Hatimaye tulikubaliana kwamba sisi tunakimbia kilomita 21, ambazo mdhamini wake ni kampuni ya simu. Kwamba hatutavaa fulana wala kofia yenye tangazo la pombe. Na kwamba asiyeridhika asilazimishwe kuchangia. Watu wawili hawakuchangia, na hatukuwabeza. Suala la mavazi lilikwisha haraka: baina ya kitovu na goti pasitirike, hivyo tulishona suruali nyepesi zinazovuka magoti, nyeusi, nne.

Wa nne wetu, ambaye hakuna aliyemtarajia, alikuwa muadhini. Mzee huyu ana miaka 58, na tangu ujana wake hupanda baiskeli kwenda shamba na kurudi. Alisema kwamba kwa kuwa yeye ndiye anayewaita watu kwenye udhu, aibu ya maji ya chumvi ni yake kwanza. Mkewe aliridhia kwa masharti mawili. La kwanza, apimwe shinikizo la damu. Alipimwa, likaonekana salama. La pili, nakala za vitambulisho vyetu zitangulie Moshi siku ya Jumatano, kwa shemeji yake mwalimu, ili atuchukulie namba za kukimbilia. "Namba hazitolewi siku ya mbio," alituambia, "na basi si kitu cha kutegemea." Tulimtii kwa heshima yake tu, tukiamini kwamba hapakuwa na haja.

Tuliondoka Pangani Ijumaa baada ya Alasiri. Barabara ya kwenda Tanga ilikuwa lami kwa sehemu na vumbi kwa sehemu, nasi tukafika Magharibi imekwisha kuadhiniwa. Hapo kijana alizusha swali zuri. Kutoka Pangani hadi Tanga hazitimii kilomita 60, alisema. Vipi basi tuipunguze Isha? Mwalimu alimfahamisha kwamba masafa hupimwa kwa mwisho wa safari na si kwa kituo cha kulala. Mwenye kutoka mjini kwake akiwa amenuia Moshi ni msafiri tangu anapoiacha mipaka ya mji wake, hata akilala Tanga usiku mmoja. Tukaswali Magharibi tatu na Isha mbili.

Mbio za Tanga hatutazieleza kwa urefu. Zilianzia Uwanja wa Mkwakwani saa kumi na mbili na nusu, zikatupitisha Bombo na Raskazone, bahari ikiwa kushoto kwetu kwa muda mrefu bila upepo hata wa kupeperusha kanga. Joto la pwani tumelizoea kwa kukaa kivulini, si kwa kukimbia ndani yake. Kwenye meza za maji tulijifunza kwamba kunywa kwa mkono wa kulia huku unakimbia kunawezekana, ila sehemu kubwa ya maji huishia kifuani. Kijana alimaliza kwa saa moja na dakika 39. Muadhini alimaliza wa mwisho katika sisi, kwa saa mbili na dakika 51, akitabasamu. Kilomita 84 zikaandikwa katika daftari.

Saa nne na nusu tulikuwa Kange, ndani ya basi la Moshi, na chumvi ya jasho ingali shingoni.

Kutoka Tanga hadi Moshi ni takriban kilomita 350, na mtu wa Pangani anayeipita njia hiyo huwa anapanda mto wake mwenyewe. Muheza tulinunua machungwa. Hale tuliukuta mto wetu ukifanya kazi ya umeme, kazi uliyoianza hapo mwaka 1964. Korogwe tuliukuta tena, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Kote huko kuna mashamba ya mkonge, na mwalimu, ambaye hupenda historia, alitukumbusha kwamba mkonge huo ulianzia kwetu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto wa Pangani. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza kujengwa reli kutoka Tanga, ambayo ilichukua miaka 18 kufika Moshi. Babu yake muadhini alikuwa kibarua wa reli hiyo. Kabla ya reli, misafara ya pembe ilikuwa ikitoka Pangani kwa miguu, ikalifuata bonde hilihili hadi Uchagani, na wafanyabiashara wa pwani walikwenda na dini yao. Tulipolifikiria hilo, miguu yetu iliyokuwa imekakamaa chini ya viti ilituonea haya.

Baada ya Mombo milima ya Usambara ilisimama mkono wa kulia kama ukuta, na baada ya Mkomazi nchi ilikauka. Mbele kidogo ya Hedaru, tairi la nyuma lilipasuka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Dereva alitazama tairi la akiba, akatikisa kichwa, akapiga simu. Jua lilikuwa kali na kivuli kilikuwa cha mbuyu mmoja. Tulitandika kanga za akina mama wawili wa Same waliotuazima, tukaswali Adhuhuri mbili na Alasiri mbili kwa pamoja. Tulipotoa salamu tuliona nyuma yetu safu tatu: abiria wanaume, utingo, na akina mama wenyewe. Muadhini alikuwa ameadhini kama anavyoadhini nyumbani, na sauti yake ilikwenda mbali katika nyika ile isiyo na nyumba.

Tulikaa hapo saa moja na dakika 40. Tulipofika Himo jua linazama, na wingu lililokuwa limeufunika mlima mchana kutwa likaanza kufunguka kutoka juu. Kibo ikaonekana, nyeupe juu na buluu chini. Basi zima lilinyamaza. Muadhini, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo maishani mwake, alisema "Subhanallah" mara tatu kisha akauliza kama theluji ile ndiyo maji yetu. Mwalimu alimjibu kwamba theluji mchango wake ni mdogo. Maji mengi hutoka katika mvua inayonyeshea msitu wa chini ya theluji, ikazama ardhini na kuibuka katika chemchemi.

Mahali pa kutolea namba palikuwa pamekwisha kufungwa. Lakini shemeji yake mwalimu alitupokea kituoni na bahasha nne mkononi. Hatukusema kitu, tulimpigia simu mke wa muadhini, tukamshukuru, naye hakujizuia kucheka.

Wenyeji wetu walitukirimu wali, maharage na ndizi za kupika, wakatutandikia magodoro sebuleni. Isha tuliswali msikitini kwao nyuma ya imamu mkaazi, kwa hiyo rakaa nne kamili, na ile rakaa ya nne miguu yetu iliihesabu peke yake. Kuinuka kutoka sijda kulihitaji nia ya pili. Baada ya Alfajiri mwenye nyumba alitugawia uji wa tangawizi, akatusindikiza kwa miguu hadi uwanjani.

Karibu saa moja asubuhi tuliachiwa. Moshi upo juu ya usawa wa bahari kwa mita 800 na zaidi, na njia ya mbio inazidi kupanda kuelekea Mweka, kijiji ambacho wapanda mlima wengi hushukia na ambacho chuo chake cha wanyamapori kimekuwapo tangu mwaka 1963. Hapo ndipo tulipojua kwamba tulikuja na mapafu ya pwani. Watu walitupita kwa mamia. Kulikuwa na wageni wa rangi zote, mabinti wa shule, wazee wa Kichaga wenye fulana za miaka iliyopita. Kando ya barabara akina mama walisimama mbele ya migomba wakipiga vigelegele, na watoto walinyoosha viganja ili tuvipige. Katikati ya migomba na mibuni huko hupita mifereji ambayo Wachaga huiita mifongo, na katika mmoja wao tuliona maji yakienda kasi, meupe kabisa, hatua mbili kutoka barabarani. Sisi tuliopewa kalamu ya kamati tulisimama, tukachota kwa kiganja, tukanawa uso. Tulipoteza kama dakika moja na hatuijutii.

Kupanda hakukutudhuru kama kushuka. Baada ya mahali pa kugeukia, barabara inateremka, na goti lililokwisha kukimbia kilomita 31 tangu jana huanza kudai haki yake. Muadhini alifika kilomita ya 13. Hapo goti lake la kushoto lilikataa kabisa. Wahudumu wa huduma ya kwanza walimkalisha, wakamwekea barafu, wakamshauri asiendelee, na gari likamshusha hadi uwanjani. Tulipofika tulimkuta chini ya mti, mguu ameunyoosha, tasbihi mkononi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Katibu, mimi nimeishia kumi na tatu. Andika kumi na tatu." Tukaandika.

Yaliyofuata yalifanyika kwa wema, na ndiyo sababu tunayaeleza. Tulitaka picha ya kumbukumbu. Kijana, ambaye ndiye mwenye simu nzuri, hakupenda muadhini asimame shingo tupu kati yetu. Alivua medali yake akamvisha yeye, kisha akarudi nyuma kupiga picha. Picha ikatoka njema: watu watatu, medali tatu, na mlima kwa mbali. Tukaituma katika kundi la simu la jamaa wa msikiti, na chini yake sisi wenyewe tukaandika, "Alhamdulillahi, tumemaliza." Kila aliyeiona alijua kwamba wa nne ndiye mpiga picha. Herufi mbili za mwanzo wa neno lile zilimbeba na mzee wetu.

Saa saba mchana tulikuwa ndani ya basi la kurudi. Kabla ya Mwanga simu ilikuwa haipumziki. "Mashaallah, wote wanne!" "Takbir!" Mfadhili mkubwa, ambaye peke yake aliahidi shilingi 10,000 kwa kila kilomita, alikuwa amekwisha tuma shilingi 1,680,000, ahadi yake yote, na wengine watano wakafuata. Tuliona. Tukiri pia tulichokifanya: tuliiweka simu mfukoni. Tulijiambia kwamba mtandao ni hafifu, kwamba tutafafanua tukifika, kwamba kilomita nane ni shilingi 200,000 tu na tangi halina mfano wa kusimama bila mnara. Kijana, aliyeketi dirishani, alinong'ona, "Mzee amekimbia kwa moyo kuliko sisi wote. Nani atahesabu?" Hatukumjibu, na kunyamaza kwetu hakukuwa kukataa.

Baada ya Same simu ya muadhini ikalia. Ni simu ndogo ya vitufe, isiyopokea picha. Mkewe alikuwa akimpongeza, na sauti ya furaha yake ilisikika viti viwili mbele. Mzee alisikiliza, uso ukabadilika.

"Hapana, bibie. Sikumaliza. Nani kakwambia nimemaliza?"

Alisikiliza tena. Akakata simu, akageuka taratibu kwa sababu ya goti.

"Katibu, umeandika nini huko?"

Tulimwonyesha. Aliitazama picha kwa muda mrefu, hasa medali iliyokuwa shingoni mwake mwenyewe. Hakukemea. Alisema kwamba kwa miaka 22 watu wa mtaa wetu wamefungua saumu kwa sauti yake bila ya mtu kutoka nje kutazama jua. Kisha akaegemeza kichwa dirishani.

Tuliandika marekebisho palepale, mkono ukitetemeka kwa matuta: nani alimaliza, nani aliishia wapi, medali ile ilikuwa ya nani, na kwamba kosa la maneno ni la katibu. Mtandao uliyapeleka tulipokuwa tunapita Hedaru, karibu na mbuyu wetu. Kundi lilikaa kimya hadi Mombo. Tumekwisha kusoma mitihani mingi chuoni, lakini saa ile moja na nusu hatuna cha kuilinganisha nayo.

Jumatatu tulipiga simu kwa kila aliyekwisha kutuma, tukamwambia kiasi kilichozidi na tukamtaka aseme kirudi au kibaki. Mfadhili mkubwa alisema tumrudishie shilingi 80,000 zake, tukamrudishia siku ileile. Wapo walionung'unika juu yake barazani. Sisi hatuoni kosa lake: aliahidi kwa kilomita, na kilomita hazikutimia. Waliobaki, ambao ziada yao kwa jumla ilikuwa shilingi 120,000, walisema iwe sadaka. Ijumaa, baada ya swala, tulisimama mbele ya safu tukasoma hesabu yote kwa sauti. Muadhini alikuwa safu ya kwanza, ameketi juu ya kiti kwa ajili ya goti. Kijana alisimama bila kuitwa, akasema kwamba shauri la kuvalishana medali lilikuwa lake, akaketi.

Zilipatikana shilingi 4,120,000. Fundi alipunguza koki moja, na tangi lilisimama usiku wa tarehe 9 Ramadhani, kabla ya Tarawehe. Maji yake ni ya bomba kuu na hayana chumvi. Risiti zote zimebandikwa ubaoni karibu na mlango wa kutilia udhu, na chini yake ipo karatasi ya kilomita, ambayo mzee aliisoma kwanza kabla ya kuturuhusu kuibandika: 42, 42, 42, 34.